Mkuki Usiochoma na Gari Lisiloendeshwa

Zamani, katika nchi inayozunguka maporomoko ya Wagenia, karibu na Kisangani katika Kongo, wahunzi walikuwa wakifua mkuki usioweza kumchoma mtu. Ulikuwa na kila kitu cha mkuki: ncha iliyochongoka, bapa lenye umbo la jani refu, mabega yaliyopanuka na kishina kifupi chini yake. Lakini bapa lenyewe lilifika kimo cha mtu mzima, mara nyingi zaidi ya mita 1.5, na lilifuliwa hadi likawa jembamba kiasi cha kunesa ukilinyanyua. Hakuna mwindaji ambaye angeingia nalo msituni, wala mpiganaji ambaye angelirusha. Walokele, Watopoke, Waturumbu na majirani zao waliuita mkuki huo liganda au ngbele, na waliutumia kwa mambo yasiyofanywa kila siku: kulipa mahari, kununua mtumbwi, kumaliza ugomvi na, haifai kulificha hili, kununua mtumwa. Ilikuwa fedha, lakini si fedha ya kununulia mkungu wa ndizi.

Liganda inafaa kukumbukwa leo kwa sababu swali lililoizunguka, kama kitu kisicho na matumizi kinaweza kustahili bei kubwa, limerudi duniani kwa sura nyingine. Tarehe 5 Mei 2022, katika jumba la makumbusho la Mercedes-Benz mjini Stuttgart, gari moja la mwaka 1955, 300 SLR Uhlenhaut Coupé, liliuzwa mnadani kwa euro milioni 135. Hapakuwahi kuwa na gari lililofikia bei hiyo. Wanaouliza kama gari la namna hii linastahili fedha zake hugawanyika upesi. Huyu husema ni wazimu wa matajiri; yule husema thamani ya kitu ni kile ambacho mtu yuko tayari kukilipia, basi, mjadala umekwisha. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Historia ya Kisangani inatoa jibu la tatu, nami naliona lina nguvu zaidi: kitu kisicho na matumizi kinaweza kabisa kustahili bei kubwa, lakini kinaistahili kwa kadiri kinavyopita mikononi mwa watu na kuwafunga wao kwa wao. Kikishafungiwa ndani, kinachobaki ni chuma pamoja na tumaini la kumpata mnunuzi mwingine.

Mahali penyewe panasaidia kuelewa. Mto Kongo, ukishuka kutoka Ubundu, hupita maporomoko saba katika mwendo wa kilomita 100 hivi, na la mwisho ndilo la Wagenia, pale mlangoni mwa Kisangani. Watu wa hapo hujiita Waenya; jina la Wagenia ni la vinywa vya Waswahili waliokuja kutoka mashariki, na limebaki. Chini ya poromoko hilo mto hutulia na kuruhusu safari ya zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kinshasa. Juu yake hakuna chombo kinachopita bila mtu anayeujua mwamba. Kwa hiyo hapa ndipo watu wa maji ya kasi, watu wa mto mtulivu na watu wa msituni walipokutana. Waenya walikuwa na samaki na ufundi wa kuvusha mitumbwi. Walokele walikuwa wachuuzi waliosafiri mbali kwa maji. Wa msituni walikuwa na mazao, nyama na chuma. Samaki kwa mihogo haihitaji fedha kubwa. Lakini ukoo unapomtoa binti kwenda ukoo mwingine, au mtu anapouawa na damu yake inadaiwa, au kijiji kinapotaka mtumbwi wa kubeba watu wengi uliochongwa kwa miezi, panahitajika kitu kinachoonekana na macho ya wote, kisichoweza kuliwa wala kufichwa mfukoni.

Tuitazame liganda kwa karibu zaidi. Chuma hakikuwa rahisi kupatikana. Mawe yenye madini yalichimbwa na kubebwa, miti ikachomwa kuwa makaa, tanuri likajengwa kwa udongo, vijana wakavukuta mivukuto kwa saa nyingi, na mwishowe likatoka bonge chafu la chuma ambalo lilipaswa kupigwa tena na tena ili takataka zitoke. Kutokana na bonge kama hilo mhunzi angeweza kutoa majembe, mashoka, visu vya kukatia nyavu na ndoana. Badala yake alilitandaza lote kuwa jani moja kubwa lisilofanya kazi yoyote. Hapo ndipo siri ya kwanza ya thamani yake ilipo: kila aliyeitazama aliona majembe ambayo hayakufuliwa. Ukoo ulioweza kusimamisha liganda kadhaa ukutani ulikuwa ukitangaza kwamba umeshiba kiasi cha kukiacha chuma kikae bila kazi. Anayedhani kwamba kupenda kitu kisicho na faida ya moja kwa moja ni ugonjwa wa matajiri wa leo, hajawasikiliza wahunzi wa Kongo.

Siri ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi miaka mingi Yakusu, karibu na Kisangani, na kuandika juu ya ngoma za Walokele, aliorodhesha majina marefu ambayo ngoma hutumia ili neno lisichanganywe na jingine lenye mlio kama wake. Fedha, katika lugha hiyo ya ngoma, ilitajwa kama vipande vya chuma vinavyotengeneza mashauri. Sijui fasili ya fedha iliyo sahihi zaidi katika kitabu chochote cha uchumi. Haikusema vipande vinavyonunua vitu. Ilisema vinavyotengeneza mashauri, yaani vinavyokaa katikati ya watu wenye neno baina yao na kulimaliza. Liganda ilipotolewa kwa mahari, haikutolewa na mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja. Ilichangwa, ikahesabiwa mbele ya wazee, ikapokelewa kwa majina. Ndoa ikivunjika, mahari ilidaiwa irudi. Kaka wa bibi harusi naye, akitaka kuoa, aliangalia chuma kilekile kilichoingia kwa ajili ya dada yake. Hivyo liganda ilikuwa ikitembea, na kila ilipopita iliacha shemeji, mkwe, mjomba, mdeni na shahidi.

Mtu makini atasimama hapa na kusema kwamba nimejenga hoja inayomtetea mwenye gari. Kama mkuki usiochoma unaweza kustahili bei, kwa nini gari lisiloendeshwa lisistahili? Pingamizi hili ni la kweli na lina ushahidi. Mwezi Agosti 2021, katika mnada wa Pebble Beach huko California, gari la McLaren F1 liliuzwa kwa dola milioni 20.465. Tangu litoke kiwandani katika miaka ya 1990 lilikuwa limetembea kilomita 390 hivi. Hilo ni gari lililokuwa la kasi kuliko yote ya barabarani ya wakati wake, na katika zaidi ya miaka 20 halikumaliza mwendo wa siku moja ya lori. Wanunuzi walilishindania kwa sababu hiyohiyo: halikutumika. Kwa siri ya kwanza, basi, gari na liganda ni ndugu. Zote mbili ni kazi ya mikono yenye ustadi wa hali ya juu iliyopelekwa makusudi kupita mpaka wa haja, na mtazamaji hustaajabia kile kilichoachwa bila kutumika.

Kwa siri ya pili zinaachana. Liganda ilikuwa haina matumizi kama mkuki, lakini haikukaa bila kazi. Kazi yake ilikuwa kupita. Gari la mkusanyaji linatakiwa lisipite. Linawekwa katika chumba chenye hewa iliyopimwa unyevu, na kila anapoligusa dereva bei yake inapungua. Hata kupita kwake kutoka kwa mwenye mali mmoja kwenda kwa mwingine hufanyika kwa namna inayowaacha watu mbali. Jina la aliyelinunua gari la Stuttgart halikutangazwa. Ilisemwa tu kwamba ni mkusanyaji binafsi, na dalali ndiye aliyesimama kwa niaba yake. Hebu fikiria mahari iliyolipwa na mtu asiyetajwa jina. Wazee wa Kilokele wangeikataa, na si kwa sababu chuma ni kibovu. Malipo yasiyo na jina hayamfungi mtu, na malipo yasiyomfunga mtu hayajatengeneza shauri lolote. Baada ya nyundo ya mnada kupigwa, muuzaji na mnunuzi hawadaiani chochote tena, na huo ndio uzuri wa mnada kwa wanaoupenda. Kwangu hapo ndipo penye pengo: bei kubwa kuliko zote imelipwa, na hakuna uhusiano hata mmoja uliozaliwa.

Lakini nisimpambe mtu wa kale kwa nguo asizovaa. Nimetaja kwamba liganda ilinunua watumwa. Kufungwa kwa watu wao kwa wao hakukuwa kwema siku zote; wengine walifungwa kwa kamba. Na kitu kingine cha thamani kilichopita hapa Wagenia kiliacha jeraha kubwa zaidi. Wafanyabiashara kutoka pwani walipofika nchi ya Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, katika nusu ya pili ya karne ya 19, walisimulia kwa mshangao kwamba pembe za ndovu zilitumika kama miimo ya milango, nyingine zikiozea msituni. Pembe hazikuwa na bei hapo. Bei yake ilikuwa Zanzibar, na nyuma ya Zanzibar ilikuwa Ulaya na Marekani, ambako zilichongwa kuwa vitufe vya piano na mipira ya mchezo wa biliadi. Mmoja wa wafanyabiashara hao, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sote tunamjua kwa jina la Tippu Tip, aliielewa tofauti hiyo kuliko mtu yeyote wa zama zake. Mwaka 1887, baada ya kituo cha Dola Huru ya Kongo hapa maporomokoni kuvamiwa na kutelekezwa mwaka uliotangulia, msafiri Stanley alikwenda Zanzibar kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mwenye Dola hiyo, na kumwajiri Tippu Tip awe liwali wa Stanley Falls, kama maporomoko haya yalivyoitwa, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mshahara ule ulikuwa kitu kidogo mbele ya pembe zilizokuwa zikipita mikononi mwake. Kilichotafutwa na pande zote mbili kilikuwa njia ya pembe: iende mashariki hadi Bahari ya Hindi, au ishuke magharibi na mto.

Msichana wa London au Boston aliyegusa kinanda chake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajui, wala hakulazimika kujua, ni wapagazi wangapi waliokufa njiani na ni vijiji vingapi vilivyochomwa ili vidole vyake viguse kitu laini namna ile. Hapa ndipo naona tofauti nzito kati ya liganda na pembe. Ubaya wa liganda, pale ilipotumika kwa ubaya, ulionekana: kila mtu kijijini alijua ni nani aliyetolewa na ni chuma kiasi gani kilichoingia mahali pake. Aliyepokea aliweza kudaiwa, kulaaniwa, kulipiziwa kisasi. Ubaya wa pembe ulifichwa na umbali. Gari la fahari la leo, kwa upande huu, ni jamaa ya pembe kuliko ya liganda. Mfano usio na shaka ni wa Septemba 2019, karibu na Geneva, ambapo magari 25 ya Teodoro Nguema Obiang Mangue, makamu wa rais wa Guinea ya Ikweta na mwana wa rais, yalipigwa mnada baada ya kuzuiwa na waendesha mashtaka wa Uswisi waliokuwa wakimchunguza kwa utakatishaji fedha. Lamborghini Veneno Roadster, moja kati ya tisa zilizotengenezwa, ilikwenda kwa zaidi ya faranga milioni 8 za Uswisi, ikiwa haijatimiza hata kilomita 400. Kesi ilikwisha kwa makubaliano kwamba fedha za mauzo ziende kwenye miradi ya kijamii nchini Guinea ya Ikweta. Gari lile halikuwahi kuwa na kazi yenye heshima hadi siku lilipogeuzwa kuwa fidia.

Wapo watakaosema kwamba nazungumzia maadili huku swali ni la thamani, na thamani hupimwa kwa bei. Watataja Ferrari 250 GTO. Kati ya 1962 na 1964 yalitengenezwa 36 tu, na nchini Marekani lilipokuwa jipya bei yake ilikuwa dola 18,000 hivi. Mwaka 2018 moja liliuzwa Monterey kwa dola milioni 48.4, na Novemba 2023 jingine likauzwa New York kwa milioni 51.7. Nani atathubutu kumwambia aliyelinunua mapema kwamba hakupata thamani ya fedha zake? Simwambii hivyo. Namwambia tu aitazame historia yote, si ncha zake mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei ya gari hilohilo ilipanda kupita dola milioni 10, kisha wanunuzi walipotoweka ikaporomoka hadi sehemu ndogo ya hiyo, bila hata msumari mmoja wa gari kubadilika. Na lile la 2023, pamoja na ukubwa wa bei yake, lilitarajiwa kupita milioni 60 na halikufika. Chuma ni kilekile. Waliozunguka chuma ndio waliobadilika.

Mto Kongo uliliona jambo hilo mapema. Kabla ya sarafu za kikoloni kuenea, biashara ya mtoni iliendeshwa kwa mitako, fimbo za shaba nyeupe na nyekundu zilizoingizwa kutoka Ulaya kwa tani. Mitako ilihesabiwa kwa idadi, basi kila ambaye ilipitia mikononi mwake alikuwa na kishawishi cha kuikata ncha kidogo na kubaki na kipande. Mwaka hadi mwaka fimbo zikawa fupi, na bei za vitu zikapanda. Liganda haikuweza kuibiwa hivyo. Ukikata ncha ya mkuki, hata mtoto ataona. Nadhani hii ni sababu moja ya umbo lake, ijapokuwa siwezi kumtaja mhunzi aliyelisema: umbo kamili lilikuwa muhuri. Kilichoishinda liganda kilitoka nje. Dola ya kikoloni ilitoa faranga yake, na kuanzia 1910 kodi ya kichwa ikadaiwa kwa fedha taslimu. Mwanamume aliyekuwa na liganda kumi ukutani na asiye na faranga mfukoni aliweza kufungwa jela akiwa tajiri machoni pa wakwe zake. Reli ya kutoka Stanleyville (Kisangani ya leo) hadi Ponthierville (Ubundu ya leo), iliyokamilika mwaka 1906, nayo ilipita kando ya maporomoko na kuwanyang'anya Waenya kazi ya kuvusha mizigo ambayo hakuna mwingine aliyeiweza. Chuma hakikupata kutu kwa siku moja. Waliokuwa wakikipokea ndio waliolazimishwa kutafuta kitu kingine, na bei yake ikawafuata.

Ndipo wakaja wakusanyaji. Liganda nyingi leo ziko Ulaya na Marekani, zikiwa zimesimamishwa juu ya vitako vyeusi vya chuma katika majumba ya makumbusho na katika sebule za watu, na madalali huziuza kwa mamia ya euro, zilizo bora kwa maelfu. Hili linaleta pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote: mkusanyaji huhifadhi. Pasipo wao, liganda ngapi zingekatwa kuwa mapanga na majembe? Pasipo watu wenye fedha nyingi na upendo wa kweli kwa mashine, nani angelipa mafundi wa kurekebisha injini ambayo viwanda havitengenezi tena vipuri vyake? Mhandisi Rudolf Uhlenhaut na mafundi wake waliunda gari lile la Stuttgart kutokana na gari la mashindano. Yalitengenezwa mawili, na kampuni ilipojitoa katika mashindano mwishoni mwa 1955 hayakupata kushindana, bali mhandisi mwenyewe akawa analitumia moja kama gari lake la kazini. Ni kazi ya sanaa, na sanaa haihitaji kuomba radhi kwa kutobeba mizigo. Nakubali haya bila kinyongo. Ila tuangalie ni nini hasa kinachohifadhiwa. Kibao chini ya liganda nyingi huandikwa jina la kabila lililokisiwa, neno Kongo, neno chuma, na karne. Ni binti yupi aliyeolewa kwayo, ni ugomvi upi uliozimika kwayo, ni ukoo upi uliobaki ukiidai, hakuna. Mwili umehifadhiwa na shauri limepotea, na shauri ndilo lililokuwa thamani.

Waliouza gari la Stuttgart, kwa sifa yao, waliliona pengo hilo. Walitangaza kwamba mapato ya mnada yataanzisha mfuko wa kuwasomesha vijana duniani katika mambo ya mazingira. Hata wao, wakiwa na bei kubwa kuliko zote mkononi, waliona haisimami mpaka ipelekwe kwa watu. Mwaka huohuo wa 2022, tarehe 9 Februari, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003. Ndani yake mna zile siku sita za Juni 2000, ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga katikati ya Kisangani, mji usio wao, uliokuwa soko kubwa la almasi, na raia wakafa kwa mamia nyumbani mwao. Milioni 225 zilikuwa za watu, 60 za mali asili, na 40 za mali zilizoharibiwa. Euro milioni 135 za gari moja ni zaidi ya mara tatu ya hizo 40. Siziweki namba hizi kando kando ili kumlaumu mnunuzi asiye na jina. Hakupiga mzinga wowote. Naziweka kwa sababu anayesema kwamba bei ni bei, na kwamba soko limeshatoa hukumu, ajue soko hilohilo na dunia hiyohiyo zimetoa na hukumu hii nyingine. Fidia ile, kwa udogo wake, ni chuma cha kutengeneza shauri. Mzee yeyote wa mto angeitambua.

Bado nina neno juu ya Waenya wenyewe, kwa kuwa wanamiliki kitu cha gharama ambacho hakijawahi kuuzwa mnadani. Katikati ya maji yanayochemka, wanasimamisha magogo makubwa yaliyofungwa kwa kamba za mitambaazi, miguu yake ikikaa katika mashimo ya mwamba, na kutoka kwenye magogo hayo wananing'iniza mitego mikubwa ya ufito yenye umbo la pia, midomo ikielekea mkondo unakotoka. Asubuhi na jioni wanaume hupanda na kuogelea kati ya magogo kutazama kilichoingia. Picha zake zimezunguka dunia, na watalii hulipa kuitazama mitego yenyewe kwa macho. Mtego unaoza. Kamba zinakatika. Mafuriko yakija, magogo yaliyowagharimu watu wengi kazi ya siku nyingi hubebwa kama vijiti. Hakuna mwana wa Kigenia anayerithi mtego. Anachorithi ni nafasi ya ukoo wake pale mwambani, pamoja na wajibu wa kwenda na ndugu zake kuukata mti mwingine maji yakipungua. Hiyo ni mali isiyoweza kufungiwa hata kidogo, na imedumu kuliko kituo cha Stanley, kuliko uliwali wa Tippu Tip, kuliko mitako na faranga ya Mbelgiji.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa mkusanyaji ni hii. Gari lako linastahili bei yake siku unapoliendesha mbele ya watu, unapolikopesha kwa shule ya mafundi, unapoliuza kwa jina lako na kulipa kitu kinachodaiwa. Likikaa gizani, umenunua zamu ya kungoja. Na kwa wale walio na liganda sebuleni mwao nina ombi. Mwezi Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa na barakoa ya Wasuku iitwayo Kakuungu, akaikabidhi kwa makumbusho ya taifa kama mkopo usio na ukomo, miezi michache baada ya Ubelgiji kuikabidhi Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Ni hatua njema, lakini Kinshasa si Kisangani. Kati ya miji hiyo kuna mto mzima. Zirudisheni liganda chache hadi pale chini ya maporomoko, zisimamishwe mahali ambapo Mlokele, Mtopoke, Mturumbu na Mwenya wanapita bila kulipa kiingilio, na wazee waitwe wataje majina ya koo zao mbele yake, na majina hayo yaandikwe.